Mguu Wako wa Kulia

Abdalla, babangu,

Salamu nimekupa asubuhi kwa mdomo, nawe umenijibu, basi tusizirudie. Barua za watu huanza kwa kuulizana afya. Yako naijua, nimekuona ukila mahamri sita. Yangu nayo waijua: goti, jicho la kushoto, na uchovu huu ambao hata nikilala naamka nao. Tupite.

Sasa hivi ni baada ya alasiri. Umekwenda kuaga, na kwa jinsi mamako alivyokuhesabia nyumba za kupita, hutarudi kabla ya jua kuinama: kwa shangazi yako kule Kuze, kwa ami yako Kibokoni, na kwa bibi yule wa Mkanyageni ambaye mpaka leo sijui ni nani yetu. Mamako yuko jikoni anakukaangia vya safari. Mimi nimekaa dirishani penye cherehani, nimeiweka kando kanzu ya mtu haijatiwa mkono, nimechukua karatasi. Mwenyewe akija kuidai, atangoja.

Mambo ya garimoshi na baridi ya bara sina la kuongeza. Mamako ameshakwambia yote mara tatu tatu, na kesho pale stesheni atakwambia mara ya nne. Mimi nina neno moja tu. Limenikaa kifuani miaka sita, na nisipolitoa kabla hujaondoka, utalichukua liende nawe huko chuoni ulikoitwa, uwafundishe nalo watoto wa watu. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Juzi nilikuita kabisa, ukaja, ukakaa mbele yangu, nikakuuliza kama viatu vinakubana. Ukasema havibani. Nikasema haya, nenda. Ndiye babako huyo.

Neno lenyewe ni la ile Ijumaa ya majina. Waijua Ijumaa ninayoisema.

Na kilichonisukuma leo kushika kalamu ni maneno yako mwenyewe. Jumanne ulikuwa ukizungumza na mamako ukumbini, ukidhani mimi nimesinzia. Ulimwambia, "Mama, mimi nitakuwa mwalimu kama baba. Wakati ule mguu wangu wa kulia ulikuwa mbovu, baba akaniacha nje, mimi mwanawe wa kumzaa. Hakujali damu. Nami nitakuwa vivyo hivyo." Mamako akajibu, "Mungu akusaidie, mwanangu." Mimi nikajidunga sindano kidoleni, miaka thelathini katika kazi hii.

Niache nianze mbali kidogo. Nikianza na Ijumaa yenyewe nitaikimbia tena.

Watu wa mji huu wanadhani nilizaliwa na filimbi mdomoni. Wewe ulipopata akili ulinikuta tayari naitwa Mwalimu. Lakini mimi mpira sikujua kuucheza, Abdalla. Nilikuwa mzito, na nikikimbia nilitazama miguu yangu badala ya mpira. Niliingia timuni kwa mlango wa sindano. Mpira wao wa ngozi ulifumuka mshono, fundi wa viatu akawazungusha njoo kesho njoo kesho kutwa, wakaniletea mimi. Nikaushona. Wiki ya pili wakaleta jezi. Wiki ya tatu wakaniambia, "Fundi, maadamu uko hapa, tushikie kibendera." Nikashika kibendera miaka minne. Na mtu wa kibendera hana kazi ila kutazama, basi huona mambo. Niliona nani amechoka kabla mwenyewe hajajua. Niliona nani anauomba mpira kwa mdomo na miguu yake inaukimbia. Siku moja mwalimu wetu wa zamani, Mungu amrehemu, akaniuliza kwa mzaha, "Fundi, wewe ungemweka nani pale kushoto?" Nikamtajia. Akamweka, tukashinda. Tangu siku ile hakuniuliza tena kwa mzaha.

Alipofariki, wakubwa wa timu walikaa barazani kwa Bwana Twaha, katibu wetu, kutafuta wa kushika pahali pake. Kila mmoja akamtaja jamaa yake. Wakagombana mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe wakanichagua mimi, na Bwana Twaha alinieleza sababu bila kuficha: "Kwa kuwa wewe, Omari, huna jamaa yako humu timuni." Wewe wakati huo ulikuwa ukikimbiza mpira wa matambara vichochoroni, hujavuka kiuno changu. Nilicheka. Sikujua kwamba sababu ile ningekuja kuilipia, na kwamba ningekulipisha wewe.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mjinga mwenye filimbi. Niliwakimbiza vijana mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri, jua bado kali, ati wapate pumzi. Mmoja akaanguka puu. Kahindi, golikipa wetu, yule hamali wa Marikiti, ndiye peke yake ambaye hakuwa amefunga. Akamtupa mgongoni kama anavyobeba magunia, akampeleka mpaka kwao. Mama wa yule kijana alitoka mlangoni akanitazama tu. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Basi nikajifunza kuwatazama vijana nyuso kabla ya kupuliza filimbi.

Na huyo Kahindi, wakumbuka maneno yaliyosemwa juu yake. "Hivi vijana wa mji wamekwisha hata langoni petu asimame Mgiriama?" Watu wazima na ndevu zao walinijia dukani. Nikawaambia, atakayedaka mpira kama Kahindi na aje, nitamweka, awe ametoka Kibokoni au Kaloleni. Hakuja mtu. Nilisimama, Abdalla, nikashinda, nikajiona mwanamume. Nakutajia hili ili ujue kwamba kusimama nilikuwa naweza.

Sasa Ijumaa.

Desturi ya timu yetu waijua, ila niiandike, maana huko uendako hawana, nawe utatamani kuipeleka. Kesho kuna mechi kubwa, leo Ijumaa baada ya sala vijana wote hukusanyika barazani kwa Bwana Twaha. Mwalimu hutoa karatasi, husoma majina kumi na moja. Anayeitwa hujibu "Naam!" akaja kupokea kikombe cha kahawa mkononi mwa mwalimu. Na wasioitwa ndio huinuka baadaye kuwamiminia wenzao na kukusanya vikombe, ili asiondoke mtu na chuki. Jina likishasomwa mbele ya watu halirudi. Nimeisifu sana desturi hii. Sasa siisifu tena hivyo.

Ilikuwa fainali, vita bado havijakwisha, mji umejaa mabaharia na askari, na kombe lile mtaa wetu haujapata kuligusa. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Winga ya kushoto ilikuwa yako tangu mwanzo wa msimu, na hakuna aliyebisha, maana macho wanayo. Jezi yako nilikuwa nimeishona upya kwa vipimo vyako, mabega yalikuwa yamekupanuka. Jina lako nililiandika la kwanza kabisa kwenye karatasi, kabla hata ya Kahindi.

Alhamisi Bwana Twaha akaja dukani. Akakaa kwenye kigoda, akapapasa kitambaa asichokinunua, kisha akasema, "Omari, watu wanena."

"Wanena nini?"

"Wanena timu ya mtaa imekuwa ya baba na mwana."

"Kwani Abdalla hachezi?"

"Anacheza, mimi si kipofu. Lakini watu, Omari! Kesho umsome mwanao, keshokutwa tufungwe, utapita njia gani wewe?"

Akaenda zake. Hakuniamuru kitu, usije ukamlaumu. Alileta maneno kama watu wote wa mji huu wanavyoyaleta, akayaacha kwenye kigoda. Mimi ndiye niliyeyaokota. Watu watasema nini! Ugonjwa huu sisi wa mji tunauzaliwa nao. Twaficha njaa kwa ajili ya watu, twaoza binti kwa ajili ya watu, na mimi Ijumaa ile baada ya sala, nikiwa bado nimesimama penye viatu mlangoni mwa msikiti, nilitoa karatasi mfukoni nikakata jina lako kwa penseli. Pembeni nikaandika Mbwana.

Mbwana ni kijana mwema, na alijua kuliko sote kwamba pale si pahali pake. Nilipomwita hakuitika. Ikabidi nimwite mara ya pili, na alipokuja kupokea kikombe alikuwa akikutazama wewe, kahawa ikamwagika kwenye kanzu yangu. Nilisoma mpaka wa kumi na moja nikaikunja karatasi. Wewe ulikuwa umekaa pembeni, umeshaanza kuinuka kidogo toka jina la kwanza, kama mtu anayejua ataitwa, ukabaki hivyo hivyo nusu umekaa nusu umesimama. Kisha ukasimama kweli, ukalichukua dele la kahawa.

Ukawamiminia wote. Mbwana ulimmiminia ukampiga bega. Ulipofika kwangu ukaniuliza, "Niongeze, baba?"

Nikasema, "Ongeza."

Jamani! Mtoto niliyemnyang'anya haki yake ananimiminia kahawa kwa adabu, nami nainywa. Niliinywa yote.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani uliniuliza mara moja tu. "Baba, nilikosa nini?" Hapo ndipo pahali pa kosa langu kubwa zaidi, kubwa kuliko la penseli. Ningekwambia, "Hukukosa kitu, nimeogopa watu," ungelia, ungenikasirikia mwezi mzima, na jambo lingekwisha. Lakini nilikuwa Mwalimu, na Mwalimu lazima awe na sababu. Nikatafuta sababu hewani. Wewe ni wa kushoto, nikaona la kulia litaaminika. Nikakwambia, "Mguu wako wa kulia. Bado."

Ukafikiri kidogo, ukasema, "Nitaufanyia kazi."

Siku ya pili tukashinda. Ndiyo, laiti tungefungwa! Kahindi alidaka mpaka watu wakalia kwa furaha. Bao lilipatikana kwa kubahatisha, limemgonga mtu paja, likaingia. Na mji mzima badala ya kusema tumebahatika, ukasema Omari ana haki. "Omari amemwacha mwanawe wa kumzaa, kwa kuwa kiwango hakijafika." Imamu alinishika mkono mlangoni. Wanawake wakamwambia mamako amepata mume. Miezi miwili haikupita, nikaitwa kuifundisha kombaini ya kisiwa kizima, kwa sababu walimtaka mtu asiyependelea. Nikaalikwa Kizingo kwa Wazungu, kwenye nyumba ile kubwa yenye bustani, nikakaa na wakubwa kibarazani kwa chai na keki, na mmoja akamwambia mwenziwe kwa lugha yao, tarishi akanifasiria, "Huyu ndiye aliyemwacha mwanawe." Wote wakanitazama kwa heshima. Na mimi, Abdalla, nilifurahi. Sikufichi. Keki ilikuwa tamu.

Hivyo ndivyo babako alivyopanda: sindano, kibendera, timu ya mtaa, halafu kombaini. Ngazi ya mwisho niliipanda kwa kukukanyaga begani. Na kombaini sikuweza kukuita, hata ulipokuwa huna mfano kisiwani, kwa kuwa sifa yangu yote ilikuwa imesimama juu ya kukuacha kwako. Ukasema basi, utasoma ualimu.

Hayo yote ningeweza kuyazoea, binadamu huzoea. Nisichokizoea ni ukuta. Kila siku, kabla ya magharibi, unatoka uani na mpira, unapiga ukutani kwa mguu wa kulia. Mara mia. Miaka sita, hata ulipokuwa umetoka masomoni umechoka, hata siku ya homa. Mimi nimekaa hapa dirishani nashona, nasikia du, du, du. Jirani ananiambia, "Mashaallah, kijana ana bidii." Mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Kuna kanzu nyingi za watu mjini humu zina mshono uliopinda kwa ajili ya mguu wako.

Aliyeniambia ukweli ni mmoja tu. Nilikwenda Marikiti kununua machungwa, nikamkuta Kahindi ameketi juu ya gunia lake anapumzika. Akaniamkia vizuri, akaniulizia habari zako, kisha akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa langoni siku zote za mazoezi. Abdalla alikuwa akinifunga kwa kulia kuliko kwa kushoto. Ule mguu ulikuwa na nini?" Nikamwambia, "Kahindi, nitilie machungwa kikapuni." Akanitilia. Hakuniuliza tena, na tangu siku hiyo ananiita Fundi, haniiti Mwalimu. Wengine hawajatambua. Mimi nimetambua.

Mwaka jana nilipoacha kombaini nilisema ni goti. Goti kweli linauma. Lakini nilichoka na kusoma majina, babangu. Kila nikifungua karatasi mbele ya vijana, naona mmoja pembeni ameinuka nusu.

Sasa wewe ndiye unakwenda kuishika karatasi. Wamekuandikia kwamba utaanza kuwa msaidizi, na yule Mzungu mzee anayeifundisha sasa akirudi kwao, timu ya chuo itakuwa yako. Hongera. Nimefurahi kuliko nilivyofurahia ile keki, Mungu shahidi yangu. Kazi hii utaijua kuliko mimi, maana wewe umecheza. Sina mafunzo ya kukupa ya nani akae wapi, nitakuwa ninakudanganya. Ninalolijua nimelijua kwa kulikosea: kijana uliyemwacha nje atakuja kukuuliza kwa nini. Pengine sababu itakuwa ni yeye, pengine itakuwa ni wewe, umeogopa mkubwa wako, umeogopa maneno, umechoka tu. Ikiwa ni wewe, mwambie ni wewe. Atakuudhi kwa macho yake, vumilia. Usimpe mguu mbovu akaende nao nyumbani.

Na hiyo haki yangu uliyomsifia mamako, iache hapa hapa Mombasa. Si haki ile. Mtu anayemwacha mwanawe ili asifiwe amempendelea mtu vilevile, amejipendelea mwenyewe.

Sandukuni, chini ya blanketi, utaikuta jezi. Ni ile ile. Ilinibidi niibane kwa ajili ya Mbwana usiku ule wa kuamkia mechi, naye aliirudisha siku ya pili, imefuliwa, akasema, "Mwalimu, hii si yangu." Nimeifumua wiki hii nikairudishia mabega. Vipimo nimekuchukua kwa jicho ukiwa unapita, ukidhani natazama nje. Ukiivaa au usiivae ni hiari yako. Hata ukiitupa dirishani huko Voi, jua imeshonwa vizuri.

Sikuombi uniambie umenisamehe. Ukiniambia upesi nitajua umefanya adabu tu, na adabu yako nimeshainywa ya kutosha kwenye kile kikombe. Kasirika kwanza. Uniandikie ukiwa umekasirika, nitaisoma. Mradi uandike.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii ndani ya ile jezi, uje uione ukiwa umeshafika mbali, garimoshi limeshavuka daraja, mimi niko salama hapa dirishani. Nimeona hiyo hila ni ndugu yake ile penseli. Lakini nani atanipa mdomo? Nimekaa na kalamu mpaka mwanga unapungua, na harufu ya vikaango vya mamako imekwisha, na wewe—

Umerudi. Nimesikia mlango wa uani, na mamako anakuambia uoge ule, na wewe unamwambia, "Dakika tano tu, mama." Mpira umeutoa. Leo pia, wewe! Siku ya kuondoka!

Du. Wa kulia huo. Naujua kwa sauti.

Acha, Abdalla. Acha, babangu, mguu huo ulikuwa mzima siku zote. Naweka kalamu chini. Naja huko uani kuukamata huo mpira na kukwambia mwenyewe.

Babako,
Omari